Tarakimu Tatu Mgongoni

Urasaki, Chiba
18 Juni 2013

Mzee Osanai Tokuji,

Shikamoo. Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni yule mwanamke wa Sri Lanka uliyekaa naye benchi moja kule Hirosaki, siku timu ya pili ya klabu ya besiboli ya Shirasagi ilipokuja kucheza kaskazini. Nilikuahidi picha. Ahadi zangu huwa zinalala kiporo, lakini sizitupi.

Picha zote tatu ni za namba 118. Kwenye ya kwanza ameinama mpaka vidole vyake vinataka kugusa udongo. Kwenye ya pili mpira umeshamtoka mkononi na mpigaji bado anauliza uko wapi. Kwenye ya tatu anacheka na mdakaji wake. Hiyo ya tatu usiionyeshe kwa kocha yeyote.

Siku ile ulinifanyia mchezo, Mzee. Nimekaa mizunguko saba nikikufundisha habari za kijana huyo: eti anarusha kwa chini, eti kwao ni wakulima wa matufaha, eti ana ugonjwa wa kuinamia kila mtu mpaka mfagiaji. Nawe unaitikia tu, "Aha," "Kumbe," "Hivyo?" Mchezo ukaisha, ukavaa kofia, ndipo ukasema, "Huyo ni mwanangu. Usimwambie umeniona." Ukaniachia anwani, ukaenda zako. Niliachwa mdomo wazi na karanga mkononi.

Hukuniuliza imekuwaje mgeni akapenda besiboli ya huku, na wewe ndiye wa kwanza kutoniuliza, kwa hiyo nakwambia bure. Nafanya kazi kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Jumanne napumzika, na timu ya pili hucheza mchana wa siku za kazi, kiingilio bei ya bakuli la tambi. Mume wangu, mtu wa hapahapa Urasaki, ndiye aliyenipeleka uwanjani mara ya kwanza. Baadaye alihamia Sendai na mwanamke mwingine. Uwanja haukuhama. Kwetu tunacheza kriketi, na tunaowapenda kuliko wote ni wale warushaji wenye mikono ya ajabu, ambao hakuna mwalimu angewafundisha hivyo. Nilipomwona mwanao mkono wake unapita chini ya goti, niliruka nikapiga kelele kwa Kisinhala. Wazee wote wa benchi waligeuka. Tangu siku hiyo 118 ni wangu, samahani kwa kusema hivyo mbele ya baba yake.

Mwandiko wangu uvumilie. Nimeishi huku miaka kumi na tisa, na herufi zenu bado zinanipiga chenga.

Nayomi Ekanayake


Tsugaru, Aomori
1 Julai 2013

Bi Nayomi Ekanayake,

Mvua za mwezi wa sita zimepungua na jua linaanza kuuma. Tumemaliza kupunguza matufaha machanga, sasa tunayavika mifuko moja moja. Natumaini wewe ni mzima.

Picha nimezipokea. Nashukuru. Mke wangu Mitsue ameiweka ile ya tatu jikoni.

Umeniambia habari zako bila kuulizwa, basi na mimi nikwambie zangu. Miaka mitatu iliyopita alikuja hapa mtu wa klabu, amebeba boksi la vitafunio, akasema Shunpei amechaguliwa. Nikafurahi. Kisha akaeleza kwamba amechaguliwa kama mchezaji wa mafunzo, mwenye namba ya tarakimu tatu, asiyeruhusiwa kucheza timu kubwa mpaka apandishwe. Miaka mitatu asipopandishwa, kwaheri. Nilimwambia yule mtu arudi na vitafunio vyake. Shunpei akasema anakwenda. Nikamwambia, mbele ya mama yake na mbele ya mgeni, "Tarakimu tatu ni namba ya mfungwa. Rudi hapa ukiwa na mbili, au usirudi."

Nilisema kwa hasira. Yeye alisikia kama amri. Hajarudi. Hupiga simu kuongea na mama yake, na mimi hukaa hapohapo nikifungua gazeti.

Magazeti hayaandiki habari za wachezaji wa mafunzo. Kompyuta sina. Kama Jumanne ukimwona, niandikie alivyorusha. Yeye asijue. Sitaki adhani nimelegea.

Osanai Tokuji


Urasaki
24 Julai 2013

Mzee Osanai,

Kaa vizuri, weka chai karibu, maana leo nina habari.

Jana jua lilikuwa kali mpaka mzee Hoshiba alivaa taulo kichwani kama bibi harusi. Huyu Hoshiba alikuwa fundi wa mikeka ya tatami, sasa kazi yake ni kuwatukana wachezaji kutoka kiti cha mbele. Shunpei alipotoka tu kwenye mzunguko wa saba, akaanza: "Wewe 118! Unarusha au unafagia? Tukuletee ufagio?"

Nikamwambia, "Mzee, nyamaza, mtoto anafanya kazi."

"Mtoto wako?"

"Wangu, ndiyo."

"Hata hamfanani!"

Benchi zima likacheka. Mpigaji wa kwanza alikuwa jitu, aliwahi kucheza timu kubwa, ameshushwa kwa sababu ya mgongo. Shunpei akamtupia mpira wa polepole, Mzee, ule unaopanda kama moshi halafu unakufa. Jitu likazungusha gongo, kofia ikaanguka, mpira uko kwa mdakaji. Wa pili aligonga mpira laini ukamrudia Shunpei mwenyewe. Wa tatu alikosa mara tatu na akasimama palepale anaangalia gongo lake kama limemsaliti. Hoshiba alitoa taulo kichwani akajipangusa.

Sasa sikiliza hili. Nyuma ya wavu alikuwapo kocha mkuu wa timu kubwa, mwenyewe, na miwani ya jua. Alikuwa anaandika. Mwisho wa mwezi huu ndio mwisho wa kupandisha wachezaji wa mafunzo kwa msimu huu. Wazee wa benchi wanasema nafasi iko moja. Mimi nimeshaanza kuwaza ni tarakimu zipi mbili zitamkaa vizuri mgongoni.

Nikimaliza kazi ya usiku naweza kulala popote, hata kwenye rundo la mashuka. Jana sikupata usingizi.

Nayomi


Tsugaru
19 Agosti 2013

Bi Nayomi,

Ngoma za sherehe za kiangazi zimeisha na asubuhi kuna ubaridi kidogo. Matufaha ya mwanzo yanaanza kushika rangi.

Barua yako nilimsomea Mitsue akimenya viazi. Yeye hajui besiboli, hajawahi kumwona mwanawe akirusha mchezo mzima, lakini alicheka kwa huyo Hoshiba. Akaniomba nirudie.

Tarehe thelathini na moja nilikaa ndani. Niliwaambia wafanyakazi mgongo unauma. Simu haikulia. Kwa hiyo nafasi ile moja alipewa mwingine. Usiniandikie kunipoza, nimelima matufaha miaka arobaini, najua mwaka wa barafu ukoje. Msimu haujaisha. Wakitaka wanaweza kumpa mkataba wa kweli vuli hii.

Umewahi kujiuliza kwa nini anarusha kwa chini? Si mimi niliyemfundisha. Alijifunzia katikati ya miti yetu. Matawi yetu tunayashusha ili tuyafikie, na mtoto akirusha kwa juu anavunja tawi, akivunja tawi anapigwa. Basi akainama.

Sasa nisikilize. Nimekwenda hospitali ya Hirosaki. Ni saratani ya kongosho. Daktari ameongea sana na kwa upole sana, nikajua. Mitsue anajua. Shunpei asijue. Akisikia ataacha timu aje kuchuma matufaha, na hapo ndipo nitakuwa nimemharibia kweli. Mpaka apate jibu la klabu, hakuna kumwambia. Nakuomba kama ninavyomwomba ndugu.

Ninakutumia boksi la matufaha ya kwanza. Wape na wazee wa benchi. Hoshiba mpe dogo.

Osanai Tokuji


Hospitali, Chiba
11 Septemba 2013

Shangazi Nayomi,

Samahani kukuandikia ghafla. Ni Osanai, 118. Anwani yako nimepewa na mzee Hoshiba.

Jumanne ile ya matufaha nilikuwa nakimbia pembeni ya uzio, nikaona boksi miguuni pako. Limeandikwa jina la shamba letu. Nilizunguka uwanja mara nyingine nikidhani nimesoma vibaya. Baadaye nikakuuliza kwenye lango, nawe ukaniambia, "Muulize tufaha." Nikaelewa kwamba baba anakuandikia. Nililia bafuni kwenye bweni, wenzangu wakadhani nimeumia.

Na kweli nimeumia, lakini hiyo ni habari nyingine. Kano ya kiwiko imechanika. Ilianza kuvuta mwezi wa saba. Sikusema, kwa sababu kocha wa timu kubwa alikuwa anakuja kutazama. Siku ile ya yule mpigaji mkubwa, kila mpira ulikuwa kama sindano. Wamenipasua juzi. Daktari anasema kurusha tena ni mwaka na nusu, labda, na mkataba wangu unaisha vuli hii.

Shangazi, nakuomba usimwambie baba. Alisema nirudi na tarakimu mbili. Nikirudi na mkono wa kufunga bandeji atasema alijua. Au hatasema kitu, na hiyo ni mbaya zaidi. Niachie nimwambie mwenyewe, siku nikipata la kusema.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Samahani.

Osanai Shunpei


Urasaki
17 Septemba 2013

Mzee Osanai,

Matufaha yalifika, yakaliwa, yakasifiwa. Hoshiba nilimpa dogo kama ulivyoagiza, akasema ni tamu kuliko mke wake wa kwanza.

Shunpei kwa sasa amepumzishwa. Siku hizi makocha wanawalinda warushaji kama mayai. Nilimwona, ana uso mzuri, anakula. Hakuna la kukupa wasiwasi.

Wewe unakula? Mitsue anakupikia uji? Nimewasha taa kwa ajili yako kwenye hekalu letu la Wasri Lanka kule Sakura. Mungu wako na wa kwangu ni yule yule Buddha, ila wa kwetu hupenda maua mengi zaidi.

Nayomi


Tsugaru
6 Oktoba 2013

Bi Nayomi,

Mlima Iwaki umevaa theluji kileleni. Kazi ni nyingi na mimi naifanya nikiwa nimekaa kwenye kiti, nawaelekeza watu kwa fimbo kama mfalme.

Barua yako fupi imenipa nguvu kuliko ndefu zote. Nimeifikiria sana. Mrushaji asiye na jina hapumzishwi mwezi wa tisa bure. Wa kuachwa hutumiwa mpaka mwisho, nani atajali mkono wake? Anayelindwa ni yule wanayemtaka mwakani. Wanamweka kwa ajili ya mazoezi ya vuli. Vuli ndiyo makocha wanapochagua.

Mitsue ananiambia nisijipe matumaini. Nimemwambia wewe endelea kumenya.

Osanai Tokuji


Urasaki
15 Oktoba 2013

Shunpei mwanangu,

Hoshiba ameniambia leo langoni. Amesikia kwa mlinzi kwamba walikuita ofisini, ukavaa suti, ukatoka baada ya dakika chache ukawainamia wote mpaka mlinzi. Mzee yule mwenye mdomo anasema wachezaji wakubwa wakiondoka hupewa maua na watu wakawaimbia, na wewe umetoka mlango wa nyuma na begi. Sisi wa benchi hatukupewa nafasi hata ya kukupigia makofi. Nilikwenda bwenini, nikaambiwa umeshahama, uko kwa rafiki yako kule Funabashi. Natuma hii huko.

Nimefuata timu hii miaka kumi na moja. Watu hunambia, wewe mgeni, yanakuhusu nini? Niko hapa nalia kwa ajili ya vijana wa watu.

Sasa nitavunja neno la mtu. Baba yako anaumwa. Ni kongosho, na si la kupona. Alinikataza nisikwambie mpaka klabu itoe jibu lake. Klabu imeshatoa. Nenda nyumbani, Shunpei. Usisubiri uwe na la kusema. Nenda hivyo hivyo.

La kiwiko sijamwambia. Hilo ni lako, umwambie kwa mdomo wako ukifika.

Shangazi yako, Nayomi


Tsugaru
4 Novemba 2013

Bi Nayomi,

Leo naandika nikiwa nimelala, Mitsue ananishikia ubao. Baridi imeingia.

Umevunja ahadi. Nilipomwona Shunpei mlangoni nilijua ni wewe. Nilitaka kukuandikia maneno makali na nimeyapanga siku mbili, lakini kila nikianza nacheka. Basi nimekusamehe.

Ungemwona! Alitoka hapa mwembamba kama mpini wa reki, amerudi na mabega. Alisimama pale pa kuvulia viatu, hakuingia, anainamisha kichwa. Mitsue alikuwa analia. Nikamwambia, "Umeruhusiwa na nani?"

Akasema, "Baba, nimekuja."

"Nakuona umekuja. Nauliza kocha amekuruhusu?"

Akasema, "Ndiyo. Siku chache."

"Mazoezi ya vuli yameshaanza?"

"Yameanza."

Alilala hapa siku mbili. Alinikanda miguu. Alitaka kusema kitu, nikimtazama anaacha. Mimi najua alitaka kusema nini: kwamba anabaki, avune. Ndilo nililoliogopa. Matufaha ya aina ya Fuji yamejaa mitini, mikono haitoshi, baba anakufa, kijana gani angeondoka? Kwa hiyo jana asubuhi nilimwambia, "Vuli ndiyo vita ya watu wa tarakimu tatu. Wewe uko hapa unanikanda miguu, mwenzako anarusha mbele ya kocha. Rudi. Yale maneno ya namba ya mfungwa niliyasema kwa kiburi. Nayafuta. Rudi ukarushe."

Alinitazama sana. Kisha akafunga begi. Nilimtaka Mitsue anisogeze dirishani nimwone akishuka kwenda kituoni. Miaka mitatu iliyopita sikusogea.

Nimefanya sawa, sivyo? Wewe unayeujua uwanja, niambie.

Tokuji


Urasaki
8 Novemba 2013

Mzee wangu,

Nimefurahi kwamba ulimwona. Nimefurahi kwamba uliyafuta maneno yale.

Umefanya kama baba. Pumzika sasa.

Nayomi


Tsugaru
24 Novemba 2013

Shangazi Nayomi,

Baba amefariki tarehe kumi na nane. Tumeshamzika. Mama anakusalimu, ataandika akiweza.

Ulinipigia simu mara nyingi tangu mwanzo wa mwezi, nami sikupokea. Nilikuwa naona jina lako, naweka simu mfukoni. Ningepokea ungeniuliza niko wapi.

Sikurudi Chiba. Ningerudi kufanya nini? Nilifika nyumbani nikiwa nimelikariri neno la kusema wiki mbili nzima kule Funabashi: "Baba, nimeachwa, kiwiko kimekwisha, naomba nivune." Nilikuwa nalisema moyoni kwenye treni mpaka mama mmoja akaniuliza kama naumwa. Halafu baba akauliza, "Kocha amekuruhusu?" Shangazi, macho yake yalikuwa yanang'aa. Kila kitu kingine kwake kilikuwa kimeisha, yamebaki macho tu. Nikasema ndiyo.

Aliponifukuza niende mazoezini nilishuka mpaka kituoni kwa sababu alikuwa dirishani. Nikapanda treni. Nikashuka kituo kinachofuata. Hapo kuna shamba la akina Kasai, walikuwa wameweka tangazo wanatafuta wachumaji. Mzee Kasai hanijui kwa sura, nilimpa jina la rafiki yangu. Nikavaa kofia na barakoa, nikachuma kwa mkono wa kushoto. Alilalamika kwamba niko polepole. Nililala kwenye chumba cha wafanyakazi, na jioni nilikuwa naona mlima kutoka upande ambao si wetu. Nilijiambia nitachuma mpaka mwisho wa mwezi, halafu nitarudi nyumbani niseme mazoezi yameisha na klabu imenibakiza. Ningemwambia uongo huo akiwa hai, na ukweli ningemwambia mama baadaye.

Tarehe kumi na nane alfajiri, saa kumi na moja, mama alipiga simu. Alisema, "Hali si nzuri. Panda treni ya kwanza. Najua hutafika kabla ya saa saba mchana, lakini njoo."

Saa saba. Alikuwa amepiga hesabu ya kutoka Tokyo. Mimi nilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kwenda kwa miguu.

Nilikimbia mpaka kituoni. Treni ya kwanza ya kwenda kwetu ikaja, mlango ukafunguka, na sikupanda. Nilifikiri: nikiingia sasa hivi, saa kumi na mbili asubuhi, atajua. Atajua sikuwa mazoezini, sikuwahi kuwa, na atakufa akiwa anajua. Nilisema nisubiri inayofuata nifikirie. Ikaja inayofuata. Nilikaa kwenye benchi na begi magotini. Mkuu wa kituo aliniletea chai. Akaniuliza, "Unakwenda wapi, kijana?" nikasema nyumbani.

Saa nne na nusu mama alipiga tena. Akasema, "Usikimbie sasa. Njoo taratibu."

Na bado nilikaa, Shangazi. Hilo ndilo siwezi kulielewa. Amekwisha kufa, hakuna tena wa kumficha, na bado nilisubiri treni ya saa sita na nusu, ile ambayo mtu wa kutoka Tokyo angepanda. Nikafika. Mama akanishika uso akasema, "Umejitahidi, mwanangu. Lazima hukulala."

Sijamwambia. Nakwambia wewe tu kwa sababu wewe ndiye uliyejua.

Shunpei


Urasaki
29 Novemba 2013

Shunpei mwanangu,

Nimesoma barua yako nikiwa kazini, nikalazimika kujificha nyuma ya mashine ya kukausha.

Baba yako aliniuliza kwenye barua yake ya mwisho kama amefanya sawa kukurudisha uwanjani. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilijua huko uwanjani hakuna namba 118 tena. Simu yako ilikuwa haipokelewi, sikujua uko wapi, na nilijiambia si kazi yangu, nimekwisha kuvunja neno moja, la pili ni la kijana mwenyewe. Nikamwandikia apumzike. Ningemwandikia mstari mmoja tu angekuita urudi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo usikae huko ukidhani ni wewe peke yako uliyekaa kwenye benchi.

Mwambie mama. Si kwa ajili ya kusamehewa. Mwambie kwa sababu asipojua atakuwa anakushukuru kila siku kwa safari ambayo hukuifanya, na utashindwa kukaa naye chumba kimoja.

Na kiwiko kisiachwe hivyo. Nenda kwa daktari.

Nayomi


Tsugaru
9 Januari 2014

Bi Nayomi,

Theluji imekuwa nyingi mwaka huu. Dua ya siku ya arobaini na tisa ya Tokuji tumeisoma juzi, ndugu wakaja, wakala, wakaondoka. Shunpei alibaki jikoni kunisaidia kuosha vikombe. Akasema, "Mama, siku ile sikutoka Chiba."

Nikamwuliza, "Ulitoka wapi?"

"Kwa akina Kasai."

Nilidhani amechoka. Paa la ghala la akina Kasai linaonekana kutoka shamba letu la juu. Nikamwambia akalale. Akafunga bomba, akapiga magoti hapo hapo kwenye maji, akanieleza yote, la kiwiko, la klabu, la treni. Nilimwuliza alikuwa anafanya nini kituoni saa zote zile. Akasema, "Nilikuwa nasubiri treni ambayo kweli ningekuja nayo."

Sikumpiga na sikumkumbatia. Niliendelea kufuta vikombe. Siku mbili sikumsemesha. Leo asubuhi nimempakulia supu nikamwambia inapoa, na yeye akala.

Kuna jambo ambalo yeye sijamwambia na sitamwambia, lakini lazima nimwambie mtu, na nimeona nikwambie wewe. Asubuhi ile Tokuji alikuwa na akili zake. Alikuwa amenikataza kupiga simu, eti mtoto yuko mazoezini. Nikampigia hata hivyo. Nikamwambia, "Anakuja. Atafika saa saba." Akakasirika. Kisha akaniomba nimgeuze kichwa upande wa saa ya ukutani. Daktari alitaka kumpa dawa ya kumlaza maumivu yapungue, akaikataa. Alisema akilala atapitwa. Aliumia sana, Bi Nayomi. Aliikazia macho ile saa tangu alfajiri, na kila mara alikuwa ananiuliza imefika ngapi, kwa sababu mishale ilikuwa imeanza kumpotea. Mara ya mwisho nilimdanganya. Ilikuwa saa nne, nikamwambia ni saa sita kasoro. Akasema, "Bado kidogo."

Barua zako zote alikuwa ananisomea. Nilikupenda. Ulikuwa unatuchekesha katika nyumba ambayo haikuwa na kicheko. Shunpei ameniambia pia kwamba yeye ndiye aliyekuomba usiseme la kiwiko, na Tokuji ndiye aliyekuomba usiseme la ugonjwa, kwa hiyo wewe ulikuwa unatii watu wawili. Hilo naliona. Lakini Tokuji alijua moja, Shunpei akajua moja, na aliyejua yote mawili mapema ni wewe peke yako. Nimejaribu nisilifikirie jambo hilo. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Nimeshindwa.

Sikulaumu. Nasema tu kwamba nikiona mwandiko wako kwenye bahasha, mikono yangu inakataa kufungua.

Shunpei ameamua kubaki shambani. Kesho asubuhi tunaanza kupogoa miti, theluji iko kiunoni, lakini isipofanywa sasa mwakani hakuna kitu. Yeye atapanda ngazi na mimi nitamshikia.

Tafadhali usiijibu barua hii.

Osanai Mitsue